Kamati Haina Mlango

Mheshimiwa Chifu Kimaiyo. Mchungaji wetu Hiram Gathii pamoja na mkewe, Mama Wahu. Wazee wa kanisa mkiongozwa na Mzee Gicheru. Ndugu zetu wa kanisa la Bungoma na ninyi mliotoka Sirisia kabla ya jua kuchomoza. Ndugu zetu wa Sudan mlioketi upande huu na watoto wenu. Akina mama wenzangu wa ushirika. Wageni mlioalikwa, na hata ninyi ambao hamkualikwa ila mmesikia harufu ya pilau mkaamua kuingia: nawasalimu nyote katika jina la Bwana. Bwana asifiwe! Na tena, Bwana asifiwe!

Kwa wale wasionijua, mimi ni Dinah, mke wa Khisa yule fundi mwashi, na ni mwenyekiti wa Ushirika wa Akina Mama hapa Matisi, Kitale. Nimeombwa niseme maneno machache ya kumuaga dada yetu Akuol, ambaye sisi sote tunamwita Mama Majok kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kesho anaanza safari ya Lokichogio, na kutoka huko hadi kwao Bor, mahali ambapo hajakanyaga tangu alipokimbia vita akiwa na huyo Majok mgongoni.

Lakini kabla sijafika mbali nataka mjue jambo moja. Jumanne Mama Majok alikuja kwangu akasema, "Mwambie Mchungaji aliondoe hilo jambo la kuniaga. Mimi sitaki kuagwa." Nikamwuliza, utaondokaje bila kuagwa? Akasema, "Waeleze watu kwa nini. Wewe unajua." Kwa hiyo, wapendwa, leo nimesimama hapa kueleza, na naomba mnivumilie.

Mama Majok alikuja Kitale kutoka kambi ya Kakuma ili watoto wake wapate shule. Mnamfahamu. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na wimbo ulipoanza sisi tuliimba Kiswahili yeye akaimba Kidinka, kwa sauti, bila kuomba ruhusa ya mtu. Sisi tulimpokea vizuri, nani atasema hatukumpokea? Tulimpa mahindi wakati wa mavuno. Tulimpa nguo. Kila Jumapili aliyeongoza maombi alisema, "Na tuwakumbuke wakimbizi," na sisi tukawakumbuka, macho yamefungwa. Tulifanya hata semina ya siku nzima, mwalimu akatoka Nairobi, tukafundishwa mila za Wasudani: namna wanavyooa, namna wanavyopenda ng'ombe, kitu gani usiwaulize. Tulitoka pale tukijiona tumeelimika. Lakini, ndugu zangu, ni nani kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba muda wote huo na wao walikuwa wakitutazama, wakijifunza mila zetu?

Sasa nimtaje mtu mwingine. Ameketi pale mbele, amefunga kitambaa cha buluu. Huyo ni Kukhu Nakhungu. Kwa Kibukusu kukhu ni nyanya, na huyu ni nyanya wa kanisa hili lote. Ndiye aliyefua vitambaa vya meza ya Bwana tangu kanisa likiwa la mabati. Mumewe alifia kwenye mashamba ya wazungu kabla wengi wenu hamjazaliwa, hakumwachia ardhi, na mtoto aliyebaki naye ni mmoja tu, Phelista, aliyeolewa Sirisia. Kukhu alikuwa na chumba cha kukodi katika ploti ile inayotazamana na kanisa. Magoti yalipokataa kabisa, sisi kanisa tulikaa tukaamua kwamba aende kwa binti yake akatunzwe.

Tukamuaga. Nyinyi mnakumbuka siku hiyo. Tuliimba mpaka watu wa sokoni wakasimama kusikiliza. Tulimpa blanketi, tukampa thamosi, Mchungaji akamwombea, Mzee Gicheru akampeleka stendi kwa pikapu yake. Mimi mwenyewe nilimfunga leso mabegani. Tulirudi nyumbani mioyo imetulia, na Jumapili iliyofuata chumba chake kilikuwa na mpangaji mwingine.

Hiyo ilikuwa mwaka juzi, baada ya Pasaka.

Mwaka jana, ndugu zetu wa Bungoma mtakumbuka, tulikuja kwenu kwa mkutano wa pamoja. Mzee mmoja wa kanisa lenu akasimama akasema, "Tunashukuru sana kanisa la Kitale kwa namna mnavyowatunza wakongwe wenu. Tumesikia, na tumeguswa." Sisi tulifanya nini? Tulipiga makofi! Mimi nilipiga makofi, nikasimama, nikapunga mkono. Hakuna aliyemwuliza mwenzake, jamani, tunashukuriwa kwa lipi?

Mnisikilize sasa.

Mwezi uliopita, wakati wa matangazo, Mama Majok alisimama. Hajawahi kusimama. Akasema, "Narudi kwetu. Mmenipa chakula miaka mingi. Hakuna mtu wa kanisa hili amekula nyumbani kwangu. Nataka mje mle, kabla sijaenda." Kisha akaketi. Nilipiga hesabu moyoni nikaona ni kweli. Tulimpa mahindi hapa mlangoni, tukampa nguo hapa mlangoni. Mlango wake yeye hatukuujua.

Tukaenda watu watano: Mchungaji na Mama Wahu, Mzee Gicheru, mimi na mume wangu. Ilikuwa mchana, baada ya ibada. Tulivuka ule mtaro, tukapita posho mili wanakosaga mahindi, tukafika kwenye ploti yenye vyumba vingi vya udongo, watoto wa Kisudani wakikimbia mbele yetu na kuita. Mama Majok alikuwa nje na ungo wa ile mikate yao ya mtama, myembamba kama kitambaa. Akainua pazia. Akasema, "Ingieni. Mama yuko ndani."

Mimi nilijua mama yake alifia vitani. Nikafikiri, labda ameletewa jamaa kutoka Kakuma. Mama Wahu alitangulia kuingia, na jambo nililosikia ni mayowe. Si kelele ya furaha, la, ni mayowe kama ya mtu aliyekanyaga nyoka. Mzee Gicheru alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Nikachungulia chini ya kwapa lake.

Kukhu Nakhungu alikuwa ameketi kitandani, miguu imenyooshwa, magoti yanang'aa mafuta. Blanketi letu liko mabegani mwake. Thamosi yetu iko pembeni.

Akatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Mbona mnasimama kama watu wa polisi? Kaeni, bana. Chakula kinapoa."

Ndugu zangu! Nilikaa chini pale pale nilipokuwa. Kitu cha kwanza nilichofikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba Kukhu amekufa huko Sirisia na huyu ni mwingine. Mchungaji ndiye aliyeweza kufungua mdomo. Akauliza, "Kukhu, umetoka Sirisia lini?"

"Sirisia?" Kukhu akasema. "Nilikaa wiki mbili."

Naomba Wabukusu wenzangu mliopo hapa mtege sikio, maana hapa ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Akasema, "Nyinyi mlinipeleka nikalale kwa mkwe wangu. Si mnajua?"

Si tunajua! Ni Mbukusu gani hajui kwamba mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe? Mtoto wa darasa la tatu anajua. Na siku ile tuliyoimba, nusu ya kwaya ilikuwa Wabukusu, mimi nikiwa mbele! Mkwe wake ni Mkristo, alimwambia, "Mama, hayo tumeyaacha, ingia ulale." Lakini Kukhu mwenyewe hakuweza. Miaka yote ya maisha yake haikumruhusu. Akawa analala katika jiko, juu ya gunia, moshi ukimwingia machoni, mkwe wake akizunguka nyuma ya nyumba ili wasikutane, hata hafiki bombani kunawa uso. Kukhu akaona anaharibu ndoa ya binti yake. Akamwambia Phelista, "Nirudishe kwa watu wangu Kitale." Watu wake, yaani sisi. Phelista akampandisha gari, akamwambia, "Wasalimu kanisa."

Alifika hapa akakuta mlango wake una pazia la mtu mwingine.

Nikamwuliza, nikilia, "Kukhu, kwa nini hukuvuka barabara? Kanisa lilikuwa pale mbele yako!"

Akanijibu kwa upole, "Dinah, mlikuwa mmeniaga vizuri sana. Ningerudi na uso gani? Mlishanipa na thamosi."

Akajikokota mpaka posho mili akakaa ukutani. Wanawake wakaja wakasaga wakaondoka. Mama Majok alikuwa amekuja kusaga mahindi, yale mahindi tuliyompa sisi hapa mlangoni. Hakuwa akimjua Kukhu, ila alikuwa amemwona kanisani. Akamwuliza, "Mama, unangoja nani?" Kukhu akasema, "Singoji mtu." Mama Majok akaweka debe la unga kichwani, akamshika mkono, akasema, "Basi twende."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna kikao. Kuanzia siku hiyo Kukhu amelala kwenye kile kitanda, na Mama Majok na watoto wake kwenye mkeka. Miaka miwili na zaidi, mwendo wa kutembea kidogo tu kutoka hapa niliposimama. Na kila Jumapili mwanamke huyu aliketi benchi la mwisho akitusikiliza tukimwombea.

Mzee Gicheru, ambaye sote tunamjua si mtu wa maneno mengi, alimgeukia Mama Majok karibu kwa hasira. "Lakini mama, kwa nini hukutuambia?"

Mama Majok alishangaa. Nawaambia kweli, yeye ndiye aliyeshangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakutuambia jua limechomoza. Akasema, "Kuwaambia nini? Nilidhani mnajua. Nilidhani ndiyo desturi yenu."

"Desturi gani?"

"Mtu akizeeka mnamwimbia, mnampa blanketi, mnamuaga. Akishaagwa haulizwi tena. Niliona hivyo nikasema, watu hawa wana desturi ngumu. Lakini mimi ni mgeni. Mgeni atawaambia wenyeji desturi yenu ni mbaya?"

Ungejibu nini? Uombe msamaha ukisema hiyo si desturi yetu? Ameiona kwa macho yake, mwaka wa kwanza na wa pili, na hakuna mmoja wetu aliyefanya kitu cha kumwonyesha vingine. Kwao, alituambia, mzee hakai peke yake hata saa moja. Mtu akimpita mzee aliyeketi peke yake njiani bila kumwuliza anangoja nani, ni kama amemwibia. Semina yetu haikutufundisha hilo.

Phelista yuko hapa, na ameniruhusu niseme yake. Krismasi ya mwaka juzi alikuja kumwona mama yake, wanawake wa posho mili wakamwelekeza, akamkuta anaogeshwa, anakula, anacheka. Akafikiri ni kanisa lililompanga yule mama wa Kisudani amtunze. Akarudi Sirisia akasimama katika ushirika akamshukuru Mungu kwa ajili yetu, na habari ikafika Bungoma. Makofi yale, wapendwa, tulipigiwa kwa kazi ya mkimbizi.

Siku hiyo tulikula. Kukhu alitulazimisha. Nilimega ule mkate wa mtama nikauchovya kwenye mchuzi wa bamia, na sijui kama ulikuwa mtamu, maana machozi yalikuwa yakinitoka mpaka kwenye sahani.

Baada ya chakula ndipo Mama Majok alipotueleza kwa nini ametuita. Akasema, "Mimi naenda. Kukhu nitamwachia nani?"

Mimi kama mwenyekiti nilisimama haraka. Nilitaka kurekebisha mambo. Nikasema, "Usiwe na wasiwasi, dada. Kanisa litamtunza. Kesho tutaunda kamati."

Akatikisa kichwa. "Simwachii kamati. Kamati haina mlango. Akigonga usiku, atagonga wapi? Niambie jina la mtu."

Mchungaji akatazama chini. Mama Wahu akamtazama Mchungaji. Kikapita kimya ambacho sitakisahau, na Kukhu yuko pale pale, anasikia, anangoja kuona kama kuna mtu atamtaka. Je, umewahi kukaa mahali ambapo watu wanasitasita juu yako wewe?

Ndipo mume wangu akasema. Khisa mnamjua, hata kwenye harusi yetu nilimsemea. Akasema, "Khisa. Andika Khisa. Nina chumba kile cha saruji, nitaweka mlango mpana."

Mimi niligeuka kumtazama kana kwamba simjui! Hakuniuliza. Hakunigusa hata kwa kiwiko. Na mnajua mwanaume akisema atamtunza mzee, mikono itakayofanya kazi ni ya nani. Sitaficha, niliona hasira na aibu kwa pamoja. Mama Majok hakumtazama Khisa. Alinitazama mimi.

"Na wewe, mama, umesikia?"

"Nimesikia," nikasema.

"Kusikia si kukubali. Nenda nyumbani. Ukikubali, urudi peke yako."

Nilirudi nyumbani siongei na Khisa. Nilipika siongei. Yeye alianza kupima mlango kwa kamba, hanisemeshi. Kesho yake, nilipomaliza kukamua ng'ombe, nikajikuta nimevaa viatu. Hakuna sauti iliyoniita kutoka mbinguni. Niliona tu uso wa yule nyanya akingoja katika kile kimya, nikajua kwamba nikibaki nyumbani nitauona siku zote.

Mama Majok hakunikumbatia. Alinipa karai. Akanionyesha namna ya kumwinua Kukhu bila kumwumiza bega la kulia, maji yawe ya moto kiasi gani, mafuta ya magoti yapashwe kwanza viganjani. Nilikosea, akanitoa mkono, akanirudisha. Kukhu akasema, "Huyu mikono yake baridi." Mama Majok akasema, "Itapata moto." Tukacheka, sisi watatu, na ndipo nilipogundua kwamba nimemjua mwanamke huyu miaka mitano na ile ndiyo mara ya kwanza tunacheka pamoja.

Kukhu alihamia kwetu Jumamosi iliyopita. Mama Majok alikuja naye, akakagua chumba chote, akalala juu ya kitanda mwenyewe kukijaribu, akamwambia Khisa ashushe miguu ya kitanda. Khisa akaleta msumeno.

Mheshimiwa Chifu, Mchungaji, ndugu wapendwa, mnajua mwaka huu watu wanakimbia mapigano ya Mlima Elgon. Wako Sirisia, wako mashuleni, wengine wamefika mpaka Kachibora kwa jamaa zao. Najua magunia ya mahindi yako tayari nyuma ya kanisa, na lori litakuja Alhamisi. Ni vizuri, tupeleke. Ila mimi naomba kitu kigumu zaidi. Tukifika tuketi. Tukikaribishwa chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki, tuinywe. Tuwaulize majina, na tukirudi tuwaulizie tena. Maana wanatutazama, na lolote tutakalofanya watasema ndiyo desturi ya watu wa kanisa.

Sasa, Mama Majok, dada yangu Akuol. Blanketi hakuna. Thamosi hakuna. Tumetii. Emmy binti yangu ameandika namba yetu ya simu ndani ya kifuniko cha sanduku lako kwa rangi isiyofutika, na Mzee Gicheru ameshazungumza na madereva wa malori ya Lokichogio wawe wanatuletea habari zako. Tutauliza kama Majok amepata shule. Tutauliza kama nyumba imeezekwa. Tutakuchosha kwa maswali. Na mwakani, Mungu akitujalia, mimi na Mama Wahu tunataka kuja Bor tule kwako, na Mama Wahu ameshaanza kuogopa hiyo safari.

Nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kusema maneno kwa niaba ya Kukhu. Lakini asubuhi ya leo, nikimvalisha, nilimwuliza anataka nimwambie nini Mama Majok. Akanitazama kama alivyotutazama siku ile kitandani. Akasema, "Wewe Dinah, umeshanisemea vya kutosha. Mdomo ninao."

Kwa hiyo mimi nakaa. Nawashukuru kwa utulivu wenu na kwa kunipa masikio mpaka mwisho. Khisa, njoo umsaidie kusimama. Mshike mkono wa kushoto, bega la kulia linauma. Watoto, acheni kelele. Mama Majok, njoo hapa mbele, simama karibu naye, maana sauti yake ni ndogo.

Kukhu, karibu useme.